Kabla Ubadilishe Simu, Uliza Mlango wa Kutoka Uko Wapi

Wasee, wiki iliyopita kioo cha simu yangu kiligoma kabisa. Unagusa kushoto, inafungua kitu cha kulia. Nikaingia grupu yetu ya mtaa nikauliza swali moja tu: nichukue iPhone ex-UK ama nibaki Android? Dakika 10 hazikuisha watu walikuwa wanatusiana. Mmoja akasema Android ni ya watu wa kupambana. Mwingine akamjibu kwamba iPhone ni kulala njaa ukijipiga picha. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza simu nataka ya kufanyia nini.

Nikaona nikae chini niandike, kwa sababu hii vita si mpya. Imepiganwa hapa Lucky Summer tangu tukiwa watoto, na simu za wale walioshinda ziko Dandora kwa jalala, zinachomwa kutolewa waya za shaba. Upepo ukigeuka jioni unazinusa. Kwa hivyo kabla utoe pesa yako, acha nikupigie stori ya tulikotoka.

Tuanze 2007. Tarehe 9 Januari, Steve Jobs alisimama San Francisco akaonyesha dunia iPhone ya kwanza. Tarehe 6 Machi mwaka huo huo, hapa kwetu, Safaricom ikazindua M-Pesa. Hata miezi 2 haikuwa imeisha. Mimi nilikuwa bado nakojoa kitandani, lakini nimeuliza wakubwa na nimesoma, na hizi tarehe mbili huwa naziwaza pamoja.

iPhone ilikuambia: ukitaka utamu wangu, nunua kifaa changu. M-Pesa yenyewe ilikaa ndani ya laini, menyu tu kwenye SIM kadi, haikujali umeshika simu gani. Mathe wangu alikuwa na Nokia 1100, ile mulika mwizi yenye tochi, iliyotoka 2003 na kuuzwa zaidi ya milioni 200 duniani. Mdosi wake kazini alikuwa na simu ya bei ya mbuzi watano. Wote wawili walituma pesa kwa njia ile ile. Simu ya mathe ikianguka kwa karai ya maji, anatoa laini, anaichomeka kwa simu ya jirani, pesa yake iko palepale.

Lakini tusidanganyane, hata M-Pesa ilikuwa na kufuli yake. Kufuli ilihama tu kutoka kwa simu ikaingia kwa laini. Aprili 2011 Wakenya walipewa ruhusa ya kuhama mtandao na namba yao ile ile. Waliohama walikuwa wachache sana. Ungeenda na namba, sawa, lakini M-Pesa ingebaki nyuma, na watu wote wanaokutumia pesa wako huko. Shika hapo, tutarudi.

Sasa twende kwa vita yenyewe. Kufikia mwisho wa 2008 Kenya ilikuwa na mitandao minne: Safaricom, Zain (ambayo leo ni Airtel), Orange na Yu. Kupiga kutoka mtandao mmoja hadi mwingine kulikuwa ghali, kwa hivyo watu walitembea na laini mbili, tatu. Nokia ikazubaa. Tecno, na simu nyingi za China zisizo na jina, zikaja na nafasi mbili za laini. Zingine zilikuwa na antena ya TV na spika ya kuamsha ploti nzima. Watu wa Eastlands hawakununua kwa sababu ya jina. Walinunua kwa sababu ilijibu shida yao.

Halafu usiku wa tarehe 30 Septemba 2012 serikali ikazima simu feki. Tume ya mawasiliano, enzi hizo ikiitwa CCK, iliagiza mitandao ikate kila simu ambayo namba yake ya IMEI si halali. Zaidi ya simu milioni moja zilizimwa nchi nzima. Hapo ndipo Wakenya walijifunza kubonyeza *#06#. Mtu alilala na simu, akaamka na kipande cha plastiki chenye chaji. Hilo ndilo somo la kwanza kwa hii historia: kuna mtu mwingine anayeweza kuizima simu yako ukiwa umelala, na hatakuuliza uliinunua pesa ngapi.

Somo la pili liliwapata wale waliojiona wajanja. 2011 Huawei na Safaricom walileta IDEOS, Android ndogo ya karibu shilingi 8,000. Ilikuwa na memori ya kuhesabu na chaji ya kuombea. Wakubwa wa mtaa waliicheka. Msee wa maana alikuwa na Nokia, na aliyeomoka kabisa alikuwa na BlackBerry. Si mnakumbuka watu kuweka PIN ya BBM kwa Facebook? Kama hukuwa na BlackBerry, hukuwa ndani ya hiyo stori. Ilikuwa klabu, na simu ndiyo tiketi.

Sasa angalia mwisho wao. Februari mwaka huo huo wa 2011, Nokia ilitangaza kwamba itaachana na mfumo wake wa Symbian na kuhamia Windows ya Microsoft. Septemba 2013 ikakubali kuwauzia Microsoft biashara yote ya simu. BBM iliwafungulia mlango watu wa Android na iPhone Oktoba 2013, lakini wakati huo kila mtu alikuwa ashaingia WhatsApp na hakuona sababu ya kurudi. Tarehe 4 Januari 2022 BlackBerry ikazima huduma za simu zake za zamani. Yule wa IDEOS aliyechekwa? Akaunti yake ya Google aliihamisha kwa Android iliyofuata, na iliyofuata, na leo bado ako na namba za watu wa 2011.

WhatsApp nayo ikawa askari wa mlangoni. Juni 2017 ikaacha Nokia za Symbian. Desemba 2017 ikaacha BlackBerry. Desemba 2018 ikaacha zile Nokia za S40, ambazo kwa mtaa zilikuwa nyingi kama mawe. Desemba 2019 ikaacha simu za Windows. Watu wa Android mkianza kushangilia, ngojeni: tarehe 24 Oktoba 2023 Android yoyote iliyo chini ya toleo la 5 ilikatwa pia. Simu inawaka, inapiga, iko sawa kabisa, ila watu wako wameenda na wewe umebaki nje.

Hapa ndipo hadithi yetu inaachana na ya Marekani. Kule mtoto wa shule akiwa na Android, meseji ambazo wenzake wanamtumia zinatokea na rangi ya kijani kwa iPhone zao, na anatengwa kwa sababu ya hiyo rangi. Mambo yalifika mbali hadi Machi 2024 serikali yao ikaishtaki Apple, na hizo meseji za kijani zimetajwa ndani ya kesi. 2022 jamaa mmoja alimlalamikia mkubwa wa Apple, Tim Cook, mbele ya watu, kwamba video anazomtumia mamake hazifiki vizuri. Cook akamwambia amnunulie mamake iPhone. Watu wakacheka.

Nairobi hakuna anayekujua kwa rangi ya meseji. Sisi wote tuko WhatsApp, kuanzia chama cha kina mathe hadi grupu ya kudai maji kwa ploti. Kwa hivyo sababu kubwa inayowafunga Wamarekani kwa iPhone, hapa haipo. Ukiona mtu wa huku anajiua kwa iPhone, anafuata kitu kingine. Inaweza kuwa kamera, na hiyo ni haki yake, video zake ni safi. Inaweza kuwa bei ya kuiuza tena, na kweli inashikilia. Inaweza pia kuwa aibu. Mimi ilikuwa aibu.

Mei 2023 nilikuwa bado chuo, mwaka wa kwanza ukielekea kuisha. Nilikuwa nimeanza kurekodi video, na darasani kila mtu wa kontenti alikuwa na iPhone. Nikakusanya pesa za vibarua, nyingine kusema ukweli zilikuwa za karo, nikaenda tao kwa kibanda fulani. Nikampa muuzaji Android yangu, nikaongeza ngiri 20, nikapewa iPhone X ex-UK. Akaniambia, "Bosi wangu, hii ni ya Uingereza, hii haisumbui." Akaifuta Android yangu hapo hapo mbele yangu ili aiweke kwa rafu. Nikaondoka nikitabasamu kama nimeshinda kura.

Wiki chache baadaye, mwezi wa Juni, Apple ilitangaza iOS 17. iPhone X haikuwa kwa orodha. Mimi nilihesabu umri wa simu kuanzia siku niliyoinunua. Wenyewe walihesabu kuanzia 2017 ilipotoka. Hakuna aliyenidanganya, ni mimi sikuuliza.

Lakini hiyo siyo iliyoniuma. Shosho wangu alifariki Januari ya mwaka huo. Hakuwa anajua kuandika meseji, kwa hivyo alikuwa akinitumia za sauti kwa WhatsApp kutoka ushago. Ananiuliza kama nimekula, ananiambia ng'ombe amezaa, anasahau kuzima na unamsikia akifukuza kuku. Zilikuwa kwa ile Android. Njia rasmi ya kuhamisha WhatsApp kutoka Android hadi iPhone ilikuwepo tangu Juni 2022. Ilihitaji tu niketi na simu zote mbili kabla moja ifutwe. Sikuketi. Nilikuwa na haraka ya kupiga picha kwa kioo.

Januari iliyofuata familia ilikutana kumkumbuka. Mathe akaniuliza, "Si wewe ndiye uko na sauti ya mama? Hebu tucheze tusikie." Nikamwambia simu imeleta shida. Nilidanganya mamangu mbele ya picha ya mamake. Chuo nilikuwa nishaacha wakati huo, karo ikiwa sababu mojawapo, na nilikuwa na simu ya kuonyesha.

Ndiyo maana mtu akiniuliza leo Android ama iPhone, simjibu. Namuuliza maswali matatu, na yote yametoka kwa hii historia.

La kwanza: hii simu ilitoka mwaka gani, na itapata masasisho hadi lini? Usihesabu kuanzia siku yako ya kununua. Siku hizi kampuni zinataja miaka waziwazi. Samsung iliahidi miaka 7 kwa Galaxy S24 ya 2024, na hata A16, ambayo ni ya bei ya kawaida, ilipewa 6. Apple hukaa na simu zao miaka mingi pia, lakini ex-UK ya miaka 6 inakuja ikiwa imeshakula sehemu kubwa ya maisha yake huko Ulaya. Na kama ni ya kulipa kidogo kidogo kila siku, jua inaweza kufungwa kutoka mbali ukikosa kulipa. Soma hiyo karatasi kabla uweke sahihi.

La pili: watu wako wako wapi, na fundi wako ni nani? Kioo cha simu nyingi za kawaida kinabadilishwa mtaani siku hiyo hiyo. Nyingine utapanda gari hadi Luthuli na ulipe nusu ya bei uliyonunua.

La tatu, na hili ndilo watu husahau: nikitoka, natoka na nini? Picha, namba, meseji, nywila, vyote. Kumbuka wale wa 2011 walioruhusiwa kuhama na namba wakashindwa kuhama. Ukiwa huwezi kutoka na vitu vyako, hiyo simu wewe ni mpangaji tu, na landilodi hajawahi kuwa rafiki ya mtu.

Najua kuna msee atasema mimi ni hater wa iPhone kwa sababu sina pesa. Pesa kweli sina. Lakini ukinipa leo iPhone mpya, nitaichukua na nitarekodi nayo hadi ichoke. Ninachokataa ni kununua jina halafu kuulizwa na mathe mambo nisiyoweza kujibu.

Jumamosi nilinunua. Android ya kawaida, mpya, yenye ahadi ya miaka 6. Kamera si ya kutisha. Muuzaji akanyoosha mkono kuchukua ile ya zamani aifute, nikamwambia, "Ngoja kwanza bro." Nikakaa kwa stuli yake karibu saa mbili, simu zote mbili mezani, hadi kila kitu kikahama. Alikasirika kidogo. Hakuna shida.

Nikiwa hapo mathe akanitumia meseji ya sauti, anauliza nitarudi saa ngapi na nimletee mkate. Nimeihifadhi mahali patatu. Wewe pia, kabla utoke nyumbani kwenda kubadilisha simu, hebu hifadhi ya mtu wako kwanza. Simu zitakuwepo.