Huyu Jamaa Halewi

Kwenye mazishi ya mjomba wangu, mzee mmoja aliyekuwa amesimama kando ya hema alisema kwa sauti ya chini, lakini nikasikia: "Mtoto wa nyoka ni nyoka." Babu alikuwa mlevi, mjomba akawa mlevi, na sasa macho ya mzee yalikuwa yametua kwangu. Nilikuwa na miaka 22. Sikujibu. Usiku huo nilirudi Nairobi, nikakutana na wasee wangu, tukafungua mzinga. Kama kawaida, wote walilewa isipokuwa mimi. "Huyu jamaa halewi!" wakanisifu, nami nikajipiga kifua.

Ilinichukua miaka kujua kwamba sifa ile na maneno ya yule mzee yalikuwa habari moja.

Wazo kwamba ulevi uko kwenye damu ni la kitambo, na historia yake ina kurasa chafu. Ujerumani, Julai 1933, serikali ya Hitler ilipitisha sheria ya kuwafunga watu uzazi kwa lazima, eti magonjwa ya kurithi yaishe. Walevi sugu pia waliwekwa kwenye orodha hiyo. Maneno kama ya yule mzee yaliwahi kuwa sheria, na aliyeyatekeleza alikuwa daktari.

Lakini uovu huo haukujibu swali lenyewe. Mtoto wa mlevi akiwa mlevi, amerithi au ameiga alichokiona nyumbani? Damu na malezi hukaa nyumba moja. Utavitenganishaje?

Daktari Mmarekani, Donald Goodwin, na wenzake walipata njia huko Denmark, kupitia rekodi za watoto walioasiliwa. Mwaka 1973 walichapisha matokeo kuhusu wanaume 55 ambao mmoja wa wazazi wao wa damu alikuwa mlevi, lakini walitenganishwa naye katika wiki 6 za kwanza za maisha, wakalelewa na watu wasio jamaa zao. Waliwalinganisha na wengine 78 walioasiliwa vilevile, ambao wazazi wao wa damu hawakujulikana kwa ulevi. Kundi la kwanza lilikuwa na waraibu 10. La pili, 4. Ukipiga hesabu kwa asilimia, ni 18 dhidi ya 5. Wale 10 hawakulelewa na mzazi huyo, na bado kuna kitu kiliwafuata.

Tafiti za mapacha nazo zimeonyesha kwamba karibu nusu ya tofauti za hatari kati ya mtu na mtu hutokana na urithi. Nusu nyingine ni maisha yenyewe. Mwaka 1990 kulitangazwa jeni iliyohusishwa na ulevi, magazeti yakashangilia, kisha watafiti wengine wakarudia kazi hiyo na wengi wao hawakupata kitu. Leo tunajua jeni ni nyingi, na nyingi kati yao huchangia kidogo tu.

Kilichonishtua zaidi kilitoka California. Marc Schuckit aliwapa vijana pombe, akapima jinsi inavyowagusa, kisha akawafuatilia kwa takriban miaka kumi. Mwaka 1994 alitoa hesabu: kati ya wana wa walevi ambao pombe iliwagusa kidogo tu, asilimia 56 walikuwa wamekuwa waraibu. Kati ya wana wa walevi ambao iliwagusa sana, ni asilimia 14.

Ukifikiria, inaeleweka. Anayelewa haraka, mwili wake humwambia basi. Asiyelewa haambiwi kitu, kwa hivyo anaendelea kumimina, na ubongo unazidi kuzoea. Mjomba naye alisifiwa hivyo ujanani: hakuna aliyewahi kumwona akiyumba.

Juzi binamu yangu, mwana wa huyo mjomba, aliniambia akicheka, "Mimi silewangi, buda." Ana miaka 19. Nilimwambia aweke glasi chini, nikamsimulia habari za Denmark. Nilianza na wale 45 kati ya 55, ambao walizaliwa na mzazi mlevi na hawakuwa waraibu.