Darasa la Ini la New Mexico

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, mgonjwa wa homa ya ini aina ya C katika jimbo la New Mexico, Marekani, angeweza kusubiri hadi miezi minane kabla ya kumwona daktari bingwa. Zamu ikifika, wengine walisafiri mamia ya kilomita kwenda mji wa Albuquerque alikokuwa daktari huyo, na sindano za dawa ya interferoni ziliwalazimu warudi huko mara kwa mara.

Mwaka 2003 Dk. Sanjeev Arora, bingwa wa ini katika Chuo Kikuu cha New Mexico, aliamua kuugeuza mwendo huo: mgonjwa abaki kwao, elimu imfuate daktari wake. Ndivyo ulivyozaliwa mradi wa ECHO.

Kila wiki wahudumu wa zahanati za vijijini na wa magereza walikutana na mabingwa kwa njia ya video. Kila mmoja alieleza hali ya mgonjwa wake bila kumtaja jina: vipimo, dawa, madhara. Mabingwa walishauri, wahudumu wengine wakasikiliza na kuuliza. Hapo ndipo penye uzito wa jambo lenyewe, kwani daktari wa kijijini hakumkabidhi mgonjwa kwa mtu mwingine. Alibaki naye, na wiki baada ya wiki akawa mjuzi wa ugonjwa huo.

Je, wagonjwa walipona? Mwaka 2011 jarida la The New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti uliofuatilia wagonjwa 407. Kwenye kliniki ya chuo kikuu walipona asilimia 57.5, vijijini na magerezani, asilimia 58.2.