Lile bomba la plastiki ubavuni mwa kompyuta

Nikiwa kidato cha tatu mjomba aliniletea kompyuta ya mtumba, Pentium 4. Ndani ya kifuniko cha ubavuni kulikuwa na bomba fupi la plastiki. Nikaona halina kazi, nikaling'oa. Tangu hapo nikikompaili programu mashine ikawa inajikokota. Sikujua kwamba prosesa ile ikipata joto sana hujipunguzia mwendo.

Kumbe bomba lile lina historia. Muundo wa ATX ulioletwa na Intel 1995 ulitaka feni ya pawasaplai ivute hewa ya nje iipulizie prosesa. Hewa yenyewe ilikuwa imeshapashwa moto na pawasaplai! Baadaye feni ikageuzwa itoe hewa nje. Kisha 1998 ikaja Celeron 300A, na wapenda kasi wakaisukuma kutoka 300 MHz hadi 450. Joto likapanda. Wakashika drili na misumeno wakatoboa makasha yao: tundu juu, tundu ubavuni mkabala na prosesa, feni ya milimita 80 au 120.

Mwaka 2004 Pentium 4 ya 3.6 GHz ikafika wati 115. Intel wakajaribu muundo mwingine, BTX, haukudumu. Ila mwongozo wao wa makasha ya ATX ulitaka hewa inayofikia prosesa isizidi nyuzi 38, na njia yake ilikuwa tundu la ubavuni lenye bomba. Yaani kile kile walichokuwa wakikata vijana!

Langu nililitafuta jalalani, wapi. Nikakata chupa ya soda ya lita mbili nikaibandika pale. Mwendo ukarudi.