Rangi ya Kigari cha Bati: Walioumia na Hawajawahi Kutajwa

Zile video kila mtu ameshaziona. Kigari cha chuma kimechoka, rangi imebanduka, tairi moja halipo. Mikono miwili inakichukua, inakipaka dawa, rangi inavimba kama ngozi iliyoungua na maji ya moto, inafutwa, chuma kinabaki kitupu. Dakika chache baadaye kigari kinang'aa kama kimetoka dukani leo. Sura ya mwenye mikono haionekani, jina lake halitajwi, na watu kibao wanatazama wakiwa wamejilaza kitandani.

Kitu kimoja video haisemi: ile rangi iliyotoka imeenda wapi?

Swali hilo ni la zamani kuliko intaneti. Limepita London, limepita Brisbane kule Australia, na Singida pia limepita. Na karibu kila lilipopita, aliyeumia ni mtu ambaye hakuna aliyeandika jina lake.

Debe lilivyogeuka gari

Tuanzie nyumbani. Singida ikawa mkoa mwaka 1963, ila bati lilitangulia zamani. Reli ya Kati, waliyoijenga Wajerumani kutoka Dar es Salaam mpaka Kigoma na kuifikisha huko mwaka 1914, inakatiza Manyoni. Bidhaa za viwandani zikaanza kuingia bara kwa wingi, na moja wapo ilikuwa mafuta ya taa ndani ya debe la galoni 4.

Mafuta yakiisha, debe haliendi jalalani. Linakuwa chombo cha kutekea maji. Linakuwa kipimo cha mahindi na uwele, na mpaka leo watu sokoni wanataja bei kwa debe hata kama debe lenyewe halipo machoni. Likichakaa zaidi linakwenda kwa fundi wa mabati, analikata, anaunga kwa lehemu, inatoka koroboi.

Kipande cha mwisho, kile ambacho hata fundi hakitaki, ndicho kinachomfikia mtoto. Hapo ndipo kigari kinazaliwa. Bodi ni bati la kopo, chesesi ni waya, matairi ni kandambili iliyokatika au vizibo vya soda. Watoto wa kando ya barabara kuu ya kwenda Nzega, yanakopita malori ya Rwanda na Burundi, hawatengenezi gari tu. Wanatengeneza semi-trela, lenye kichwa na tela linalokunja kona kama lenyewe.

Nani alibuni kigari hicho? Hakuna jina. Kimetengenezwa Singida, Tabora, Kisumu, Lubumbashi, na kila mtoto amejifunza kwa mtoto aliyemzidi miaka miwili.

Moto, msasa na upepo

Bati la kopo huja na rangi. Fundi anayetaka lehemu ishike lazima aitoe, maana lehemu haishiki juu ya rangi. Njia ya haraka ni moto: kopo au pipa linatupwa kwenye makaa, rangi inaungua, moshi unapaa, kazi inaendelea. Njia ya pili ni kukwangua kwa kisu, kipande cha chupa au msasa. Mtoto naye anaiga kwa fundi.

Sasa weka picha hiyo Singida, mkoa unaojulikana kwa upepo. Moshi haukai juu ya makaa na vumbi la msasa halibaki chini ya benchi. Linatua kwenye nguo za fundi, kwenye mchanga anaochezea mtoto, kwenye unga ulioanikwa.

Tatizo ni kwamba kwa miaka mingi rangi za mafuta duniani kote zilitiwa madini ya risasi. Sio risasi ya bunduki, ni ile metali nzito na laini yenyewe. Ilifanya nyeupe ifunike vizuri, ikaleta njano na nyekundu kali, ikaharakisha rangi kukauka. Kiwandani ilikuwa mali. Mwilini ni sumu inayoharibu ubongo, damu na figo. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama, na kwamba mtoto mdogo akimeza risasi, mwili wake unaweza kufyonza mara 4 hadi 5 zaidi ya mwili wa mtu mzima.

Msasa unaigeuza rangi kuwa vumbi la kuvuta. Moto unaigeuza kuwa moshi. Yaani njia mbili zilizozoeleka zaidi ndizo mbili mbaya zaidi.

Watoto wa Brisbane

Usidhani dunia ilikuwa haijui. Mwishoni mwa miaka ya 1800, madaktari wa Brisbane walikuwa wanapokea watoto wenye maumivu ya tumbo, mikono na miguu iliyolegea, wengine macho yakififia. Ilichukua muda kugundua kisa. Mwaka 1904 daktari wa macho, Lockhart Gibson, akaandika wazi: ni rangi ya kwenye nguzo na mbao za baraza. Jua kali liliifanya iwe unga, unga ukashika vidole vya watoto, vidole vikaenda mdomoni.

Jina la Gibson limebaki. Majina ya watoto wale hayapo kwenye midomo ya watu. Sheria ya Queensland ya kuzuia rangi ya risasi pale watoto wanapofikia ilikuja mwaka 1922. Hesabu mwenyewe: miaka 18, mtoto aliyezaliwa siku ya onyo alikuwa ameshakuwa mtu mzima.

Mwaka 1921 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba kuhusu risasi nyeupe kwenye upakaji rangi. Lakini mkataba ule ulilenga kazi ya kupaka ndani ya majengo. Vitu vya kuchezea havikuguswa.

Askari wadogo wa London

Wakati huohuo Ulaya ilikuwa na homa ya askari wadogo wa kuchezea. Kampuni ya William Britain ya London ilianza mwaka 1893 kumimina askari wenye uwazi ndani, wepesi na wa bei ya kuvumilika. Wao hawakuwa na rangi ya risasi tu. Mwili wenyewe ulikuwa risasi. Waliowapaka rangi, mmoja mmoja, kofia, vifungo, masharubu, wengi walikuwa wanawake. Wakusanyaji leo wanajua jina la kampuni, wanajua toleo na mwaka. Mpakaji hawamjui. Uzalishaji wa askari wa risasi ulikoma mwaka 1966.

Kufikia hapo vigari vya Matchbox, vilivyoanza mwaka 1953, vilikuwa vimeshika soko. Hivi mwili wake ni mchanganyiko wa zinki na alumini uliomiminwa kwenye kalibu. Marekani ikapiga marufuku rangi ya risasi kwenye nyumba na vitu vya kuchezea mwaka 1978, na watu wakadhani stori imeisha.

Haikuisha. Agosti 2007, Mattel ilirudisha kutoka sokoni maelfu ya vigari vya Sarge, yule jeep mzee wa filamu ya Cars, kwa sababu rangi yake ilikutwa na risasi. Yaani kampuni kubwa, filamu iliyotamba duniani, na rangi ileile ya enzi za Gibson.

Tanzania nayo ina kumbukumbu yake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009, ambao shirika la AGENDA la Dar es Salaam lilishiriki, ulipima rangi mpya za majumbani kutoka nchi 10, Tanzania ikiwemo. Picha ilikuwa ileile: rangi za maji zilikuwa na nafuu, rangi za mafuta ndizo zilizobeba risasi. Na rangi ya mafuta ndiyo inayopakwa kwenye chuma.

Dawa inayovimbisha rangi

Turudi kwenye video. Ile dawa nzito inayofanya rangi ivimbe kwa sekunde kadhaa, kwa miaka mingi kiungo chake kikuu kilikuwa methilini kloraidi. Inafanya kazi fasta kweli. Ila mvuke wake ni mzito kuliko hewa, unatuama chini, na ukiingia mwilini sehemu yake inageuka kuwa gesi ileile ya sumu inayoua watu waliolala na jiko la mkaa ndani.

Kati ya mwaka 2000 na 2011, mafundi 13 nchini Marekani walikufa wakibandua rangi kwenye masinki ya kuogea kwa dawa hiyo, wameinama ndani ya bafu dogo. Kwenye ripoti wanaonekana kama namba. Mwaka 2019 ndipo Marekani ilipozuia dawa hiyo kuuzwa kwa wateja wa kawaida kwa kazi ya kubandua rangi.

Basi inatolewaje?

Kwanza, ujue umeshika chuma gani. Kizito kuliko ukubwa wake, laini, kinapindika na kinaacha alama ya kijivu kwenye karatasi: hiyo huenda ni risasi. Hicho usikibandue. Kiache na rangi yake, kiweke juu ya kabati, watoto wasikifikie. Na siki, ambayo mtandaoni inasifiwa kama dawa ya asili, kwenye risasi ni balaa, kwa sababu inatengeneza chumvi ya risasi inayoyeyuka kwenye maji.

Kigari cha zinki na alumini kina adui mwingine: soda kostiki. Inaila metali yenyewe, inatoa gesi inayoshika moto, na tone moja kwenye jicho linaweza kulipofua.

Rangi ya zamani usiyoijua ilikotoka, ihesabu kuwa ina risasi mpaka ipimwe. Kama lazima itoke, itoke ikiwa imelowa, isitoke kavu. Kigari kinalowekwa siku kadhaa kwenye maji ya moto yenye sabuni, ndani ya kopo ambalo halitarudi jikoni, kisha kinasuguliwa ndani ya maji hayohayo kwa mswaki wa zamani. Ikigoma, asetoni, ileile ya kutolea rangi ya kucha, haidhuru chuma, ingawa inayeyusha vioo na matairi ya plastiki, hivyo yatolewe kwanza. Asetoni inashika moto haraka sana: kazi ifanyike nje, mbali na jiko, koroboi na sigara, mkononi ukiwa na glavu zisizotobolewa na asetoni. Wajawazito na watoto wakae mbali.

Hakuna msasa mkavu. Hakuna moto. Matope ya rangi yasimwagwe kwenye sinki wala shambani. Yaachwe yakauke ndani ya kopo palepale, kopo lifungwe, na lisichanganywe na vyuma chakavu. Mikono ioshwe kwa sabuni, na nguo za kazi zifuliwe peke yake.

Utaratibu huo unachukua siku nne au tano, na video ya siku tano hakuna atakayeitazama. Ndiyo maana mikono ya mtandaoni inachagua dawa kali, na ndiyo maana fundi mwenye wateja watatu wanaosubiri koroboi anachagua moto. Tofauti ni kwamba mwenye video anaweza kununua barakoa na glavu. Fundi wa bati sokoni mara nyingi ana kitambaa tu, na mtoto wake amekaa pembeni anasubiri kipande kitakachobaki.

Kwenu kigari kilitengenezwa na kopo la nini? Na rangi ilitolewa kwa moto au kwa kisu? Uwanja wa maoni uko wazi, na kama fundi wa mtaani kwenu bado anachoma makopo, mpelekee ujumbe huu leo.