Shosho Akiona Kamera, Anageuka Kitambulisho

Babu yangu alipofariki tulitafuta picha yake nyumba nzima. Kwenye kabati, ndani ya Biblia, hadi kwenye ule mfuko wa nailoni wa risiti za pareto za zamani. Tukapata moja tu: ya kitambulisho. Ikapelekwa kwa jamaa wa saiba, akaiskani, akaikuza mpaka ikajaa ukurasa wa kwanza wa programu ya mazishi. Macho yametolewa, shingo imesimama kama nguzo ya stima. Binamu yangu mdogo akauliza, "Huyu ni nani?" Na haki ya Mungu hakuwa anachokoza. Babu tuliyemjua alikuwa mtu wa kucheka mpaka anashika ukuta.

Kwa hivyo niliponunua kamera, ya mtumba lakini inapiga kazi, nilijiambia Shosho hataenda na picha ya kitambulisho. Nikapanda matatu hadi Molo. Ana miaka 81. Mimi nimeitwa jina la babu, kwa hivyo huniita "mzee wangu", na siku hiyo alikuwa ananipasha habari za kuku wa jirani walioingia kwenye sukuma wiki yake. Anaigiza hadi sauti ya jirani. Nikainua kamera.

Wasee, aligeuka jiwe. Mikono magotini, kidevu juu, mdomo ukafungwa kabisa, macho moja kwa moja kwenye lenzi.

"Shosho, cheka kidogo."

"Piga," akasema, bila kusogeza midomo.

Sasa, kuna ile hadithi ambayo kila mtu mtandaoni anairudia: ati wazee wamekauka kwenye picha kwa sababu kamera za zamani zilikuwa polepole. Ni kweli, lakini ya wakati gani? Mbinu ya Daguerre ilipotangazwa Ufaransa mwaka 1839, mtu aliyetaka picha ya uso alilazimika kutulia muda mrefu, na studio ziliweka chuma cha kushikilia kichwa kwa nyuma ili kisitikisike. Huwezi kushikilia tabasamu kwa dakika nzima, jaribu uone. Lakini Shosho hakuzaliwa enzi za Daguerre! Alipokuwa msichana kamera zilikuwa zinamaliza kazi kabla hujapepesa macho. Sababu yake lazima iwe nyingine, na mimi nadhani iko hapa hapa kwetu.

Anza na kipande. Sheria ya kuwasajili wanaume Waafrika ilipitishwa mwaka 1915, ikaanza kutekelezwa vita vikuu vya kwanza vilipoisha. Kilikuwa karatasi yenye alama za vidole na habari za ajira, na ulikibeba ndani ya kijisanduku cha chuma kilichoning'inia shingoni. Wakikuyu wakakiita mbugi, yaani kengele ya mbuzi. Hilo jina linatosha, sina la kuongeza. Kipande hicho hakikuwa na picha, lakini kilishawafundisha watu jambo moja: serikali ikitaka kukujua, wewe unasimama tu na kutulia.

Picha zilikuja baadaye. Hali ya hatari ilitangazwa Oktoba 1952, na Wakikuyu waliokuwa wakifanya kazi kwenye mashamba ya walowezi Bonde la Ufa wakaamriwa wapigwe picha za vitambulisho. Wengi walikataa. Hebu fikiria hiyo. Siku hizi tunagombania kuingia kwenye fremu, na hapo kuna watu walioona afadhali wafukuzwe shambani kuliko kumpa mzungu uso wao. Na kweli maelfu kwa maelfu wakarudishwa maeneo ya asili mwaka 1953. Shosho alikuwa mtoto kati ya hao. Anakumbuka treni, na anakumbuka kwamba kuku walibaki. (Pengine ndiyo maana anachukulia mambo ya kuku kwa uzito hivyo.)

Halafu kukawa na gakunia. Mtu anavikwa gunia lenye matundu mawili ya macho, anakaa hapo, nyinyi mnapita mbele yake mmoja mmoja. Akitikisa kichwa, umekwisha, unaenda kizuizini. Yeye anaona uso wako, wewe huoni wake. Kwa watu waliopitia hayo, uso haukuwa kitu cha kuchezea. Ulijifunza kuuondolea kila kitu, woga, hasira, hata kufahamiana na mtu aliye kando yako, ili asiyeonekana asipate pa kukushika.

Najua mtasema Shosho alikuwa mdogo mno. Sawa. Lakini waliomlea hawakuwa wadogo.

Na yeye mwenyewe zamu yake ilifika. Hili sikulijua mpaka nilipoanza kuchimba: sheria ya usajili ya mwaka 1947 ilihusu wanaume tu, wa miaka 16 na zaidi. Wanawake wa Kenya waliingizwa sheria ilipobadilishwa mwaka 1978. Uhuru ulishapita miaka 15! Mama angeweza kulima, kusomesha, kupiga kura, na hana karatasi yenye uso wake. Nikamuuliza Shosho alipigwa picha lini mara ya kwanza, akajibu bila kufikiri: kwa chifu, akichukua kipande. Bado anakiita hivyo, na hata sisi mtaani, si ndivyo tunavyokiita?

"Karani alisema nitoe kitambaa kichwani, niangalie mbele, nisicheke," akaniambia. "Nilikuwa nimejifungua mama yako mdogo juzi tu. Nikaogopa nikisogea watasema nirudi wiki nyingine."

Kwa hivyo somo lake la kwanza la pozi alifundishwa na karani. Amelishika vizuri miaka yote hiyo.

Hapo ningeweza kufunga hoja, serikali ndiyo mbaya, tuishie hapo. Lakini kuna kitu kinanisumbua. Miaka hiyo hiyo kulikuwa na studio. Mombasa palikuwa na Parekh, ambaye watu walimwendea wakiwa wamevaa wakapendeza, na Lamu palikuwa na Omar Said Bakor, ambaye angekata uso wako na kuuweka katikati ya ua. Hakuna chifu aliyewatuma watu huko. Walienda na pesa zao. Na bado ukitazama picha za studio za zamani, za pwani au za bara, utakuta wengi wamenyooka vile vile: saa imegeuzwa ionekane, mkono juu ya bega la mke, hakuna meno. Filamu ilikuwa ghali, ukipepesa macho hela yako imeenda. Lakini si hiyo tu. Picha ilikuwa inatumwa kwa wakwe, inaning'inizwa sebuleni, inabaki. Ulinyooka kwa sababu ulikuwa unajiheshimu. Kucheka ni kwa watu wa nyumbani.

Basi ni kukakamaa kwa aina gani alikonako Shosho? Kwa karani au kwa sebule?

Siku ile sikuwa nimefikiria hayo yote. Nilikuwa nataka picha yangu tu. Nikafanya ninachofanyaga na wateja wanaokauka: niliacha kumwambia atulie, nikampa kazi. Nikamletea ungo wa maharagwe achambue, nikarudi nyuma hatua kadhaa, nikabadilisha lenzi ya kuvuta mbali, nikamuuliza yale mambo ya kuku yaliishaje. Nikaacha kamera usawa wa kifua, nisiifiche uso wangu nyuma yake. Dakika kumi hivi mabega yakashuka. Alipofika pale jirani alipoanguka akimkimbiza jogoo, alicheka ile mbaya, kichwa nyuma, jino moja halipo, mwanga wa dirishani umemwangukia shavuni. Nikabonyeza. Mikono ilikuwa inanitetemeka, si uongo. Hiyo ndiyo picha bora niliyowahi kupiga.

Wiki iliyofuata nikachapisha mbili, ile ya kicheko na ile ya kwanza ya jiwe, nikampelekea. Alizishika muda mrefu. Ya kicheko akaiangalia, akacheka tena, akasema, "Huyu ni mjinga," kwa mapenzi kabisa, akanirudishia.

Ile nyingine akaifuta kwa khanga ingawa haikuwa na vumbi. Akaniagiza niitafutie fremu ya kioo, na niiweke sebuleni karibu na ya babu, ile ya kitambulisho, zilingane kimo.

"Na hiyo ya maharagwe, Shosho?"

"Kaa nayo wewe, mzee wangu."