Jina Tulilopewa Bure

Tulipomaliza mafundisho juu ya Ubatizo, swali moja lilibaki: aliyebatizwa ni nani, naye anaishi kwa ajili gani? Sisi makatekista twaweza kulijibu kwa maneno ya katekismu. Lakini leo twapenda kulijibu kwa historia ya binti wa nchi yetu. Ukitoka Bunia kwa barabara ya Mambasa hata Nia-Nia, kisha ukageuka upande wa kaskazini, utafika kwao.

Alizaliwa Wamba tarehe 29 Desemba 1939, katika kabila la Wabudu, akaitwa Nengapeta, maana yake mali hudanganya. Baba yake alipata mabinti sita, wala hakupata mwana wa kiume. Kwa sababu hiyo alimwacha mama yao, akaoa mke mwingine. Ninyi wazazi mwajua kwamba neno hilo latokea hata leo, na mtoto wa kike hukua akidhani kuzaliwa kwake kulikuwa hasara. Basi mwaka 1943 mtoto huyo alibatizwa pamoja na mama yake, akapewa jina la Alphonsine. Alikuwa bado mdogo mno, hakuwa ametenda jema lolote la kumstahilia. Hiyo ndiyo neema: Mungu alimfanya mwana wake kabla hajajua hata kushukuru.

Shuleni dada yake mkubwa ndiye aliyempeleka, na sista aliyeandika majina akamwandikia jina la dada huyo, Anuarite. (Sisi tunaotunza madaftari ya wabatizwa twajua jinsi kosa la namna hiyo lilivyo rahisi.) Jina likabaki hivyo.

Alipotaka kuingia utawani, mama yake alimwona kuwa mtoto bado, akakataa. Siku lori la misioni lilipowachukua wasichana kwenda Bafwabaka, Anuarite alipanda pamoja nao kwa siri. Tarehe 5 Agosti 1959 aliweka nadhiri katika shirika la Jamaa Takatifu, akaitwa Sista Marie-Clémentine. Kazi zake zilikuwa za kawaida: alitunza sakristia, alipika, alifundisha watoto. Wengi hudhani kwamba wito wa Mungu ni kwa ajili ya mambo makubwa tu. Miaka yake mingi utawani ilipita kati ya altare, jiko na ubao wa darasa.

Kisha vita vikaja. Tarehe 29 Novemba 1964 wapiganaji wa Simba walifika Bafwabaka, wakawapakia masista katika lori na kuwapeleka Isiro. Huko mkubwa mmoja wa askari alimtaka awe mke wake. Akakataa, kwa kuwa alikwisha kujitoa kwa Kristu. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Desemba alipigwa, akachomwa visu vya bunduki, akapigwa risasi. Hakuwa ametimiza miaka 25. Kabla ya kufa alimsamehe aliyemwua, akisema kwamba hakujua alitendalo.

Ndugu, katika Ituri yetu, hasa tangu mwaka 1999, swali la «wewe ni mtu wa kabila gani?» limeulizwa njiani na watu wenye mapanga, na jibu lake limewaua wengi. Hatusemi kwamba Mkristu aliache kabila lake. Anuarite alikufa Mbudu kama alivyozaliwa. Twasema kwamba kabila lilimpa lugha na jamaa, lakini halikuweza kumpa nguvu ya kumsamehe mwenye bunduki. Nguvu hiyo aliipokea, kama alivyopokea Ubatizo. Nasi tuliobatizwa tumeipokea mbegu ileile, hata yule ambaye nyumba yake ilichomwa, hata yule aliyeichoma.

Papa Yoane Paulo II alimtangaza Mwenye heri mjini Kinshasa tarehe 15 Agosti 1985, na sikukuu yake ni tarehe 1 Desemba. Mwili wake wapumzika Isiro, katika kanisa kuu. Na wazazi wengi wa Kongo, wakileta binti zao kubatizwa, huomba waandikiwe Anuarite.