Nani Anaiwazia Nyumba? Kazi ya Fikra katika Familia za Mijini Afrika Mashariki

Katika familia nyingi za tabaka la kati Dar es Salaam na Nairobi, kufua, kupika na kupiga deki ni kazi ya dada aliyeajiriwa. Lau uchovu wa mama wa nyumba ungetokana na kazi za mikono pekee, dada angeuondoa. Hauondoki. Mama ndiye anayejua kwamba gesi inakaribia kwisha, kwamba mtoto ametimiza miezi 9 na anadaiwa chanjo ya surua na rubela, kwamba sare zimeanza kubana. Tena ndiye anayempangia dada kazi, na akiondoka, ndiye anayetafuta mwingine. Makala haya yanadai kuwa kuiwazia nyumba ni kazi kamili, na kwamba kugawana kazi za mikono hakuigawi.

Mwanasosholojia Allison Daminger, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2019, aliichambua kazi hii katika hatua nne: kutazamia mahitaji, kutafuta njia za kuyatimiza, kuamua na kufuatilia. Aliwachunguza wanandoa wa Marekani, akakuta kwamba wenzi hukaribiana katika kuamua, ilhali kutazamia na kufuatilia huwaelemea zaidi wanawake. Sura hiyo si ngeni kwetu. Baba hushiriki kuchagua shule. Aliyezizungukia, akalinganisha ada na kuuliza basi linapita wapi, mara nyingi ni mama.

Sheria zetu zimeukaribia ukweli huu. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilikubali kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika kupatikana kwa mali ya ndoa. Sheria ya Mali ya Ndoa ya Kenya ya mwaka 2013 inataja pia usimamizi wa nyumba. Hata hivyo, kwa kawaida mchango huo huhesabiwa ndoa inapovunjika.

Itasemwa kwamba baba naye huwaza kodi na ada. Ni kweli, na wasiwasi huo si mdogo. Lakini kodi ina tarehe na ada ina muhula. Mahitaji ya jikoni na ya watoto hayana likizo. Na anayedai kwamba mama ndiye ajuaye zaidi anageuza matokeo kuwa sababu: amejua kwa sababu ameachiwa.

Kinachopaswa kugawanywa, basi, ni maeneo mazima. Aliyepewa afya ya watoto atunze kadi ya kliniki, akumbuke tarehe, aombe ruhusa kazini na ampeleke mtoto, bila kusubiri kutumwa. Aliyekabidhi naye akubali mambo yaende kwa utaratibu wa mwenzake. Kipimo ni chepesi: mama akisafiri wiki nzima, je, hulazimika kuacha maelekezo? Maadamu anayaacha, mzigo bado ni wake.